Biringanya la kujaza na jibini: limeharibikia wapi?

Biringanya la kujazwa na jibini likiharibika, mara nyingi kosa huwa la mpangilio, si la viungo. Chakula hiki kina sehemu tatu, na kila moja huiva kwa mwendo wake. Biringanya lenyewe linataka nusu saa au zaidi ya moto mkali. Mjazo wa nyama na nyanya unataka kukaushwa juu ya jiko. Jibini inataka dakika kumi tu. Ukizitia zote tatu ndani ya oveni kwa wakati mmoja, hakuna muda utakaozifaa: biringanya likiiva, jibini imeshaungua, jibini ikipendeza, biringanya bado gumu, na katikati pamejaa supu. Dalili nyingi zilizo hapa chini zinatokana na jambo hilo moja.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dalili yako, linganisha ulivyopika na vipimo hivi.

Vipimo vya msingi, nusu sita

Mabiringanya matatu ya gramu 300 hivi kila moja, nyama ya kusaga robo kilo, kitunguu maji kimoja kikubwa, nyanya tatu zilizoiva, punje tatu za kitunguu saumu, nusu hoho, binzari nyembamba ya unga kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, dania fungu dogo, jibini gramu 150, mafuta vijiko vikubwa vinne hadi vitano, chumvi.

Washa oveni nyuzi 200. Pasua kila biringanya katikati kwa urefu, ukiacha kikonyo mahali pake. Chanja mnofu kwa mistari inayokatana, kina cha sentimita moja na nusu, bila kufika kwenye ganda. Nyunyiza chumvi, jumla kijiko kimoja cha chai kwa nusu zote sita, uache dakika 30. Pangusa maji na chumvi kwa kitambaa kikavu huku ukibonyeza, kisha paka mafuta juu na chini. Choma dakika 30 hadi 35, upande uliokatwa ukiangalia juu. Wakati huo pika mjazo hadi ukauke.

Biringanya likilainika, chota mnofu wa katikati kwa kijiko ukiacha unene wa sentimita moja pande zote. Katakata ulichochota, changanya na mjazo, jaza, rudisha kwenye oveni dakika 15. Jibini iwekwe mwisho kabisa, dakika nane hadi kumi. Epua, subiri dakika kumi ndipo uandae.

Maji yamejaa kwenye trei na mjazo unaogelea

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, na kabla ya kubadilisha chochote tazama rangi ya hayo maji. Yakiwa mepesi, ya rangi ya kahawia hafifu, yametoka kwenye biringanya. Yakiwa mekundu, nyanya haikukauka. Yakiwa meupe yenye ukungu, yametoka kwenye jibini, hasa mozarela mbichi ile inayouzwa ikiwa ndani ya maji yake.

Maji ya biringanya hayaepukiki, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Yanaweza kutoka mapema, kabla hujajaza, au yatoke baadaye ndani ya chakula. Chumvi huyavuta yatoke mapema. Ukiacha dakika kumi tu hazitoshi. Subiri hadi uone matone yamesimama juu ya mnofu na mengine yameanza kuteremka kwenye mistari uliyochanja. Hapo ndipo upanguse, na usipanguse kijuujuu: weka kitambaa, bonyeza kwa kiganja, geuza upande mkavu wa kitambaa, bonyeza tena.

Wako wanaochemsha nusu za biringanya kwanza ili zilainike upesi na kuokoa gesi. Usifanye hivyo. Mnofu wa biringanya ni kama sifongo, umejaa vitundu vya hewa, na ukiuzamisha kwenye maji ya moto unavijaza maji ambayo oveni haitayamaliza. Kama gesi iko karibu kwisha, afadhali mvuke: weka nusu hizo kwenye chujio juu ya sufuria inayochemka, funika dakika 12 hadi 15, kisha zilaze kifudifudi juu ya waya dakika kumi zichuruzike.

Maji mekundu ni kosa la kupika mjazo juu ya jiko. Nyama ya kusaga ikitiwa yote kwa pamoja kwenye sufuria nyembamba hutoa maji na kuanza kujichemsha yenyewe ikawa ya kijivu. Tumia kikaango kipana, moto mkali, itandaze, na usiiguse dakika mbili za kwanza. Ikishika rangi ya kahawia upande wa chini ndipo uivunjevunje. Kisha kitunguu, hoho, saumu na binzari, na nyanya baada ya hapo. Nyanya za majimaji zipasue, uzikamue mbegu, halafu uzikwaruze. Kuna njia moja ya kuhakikisha mjazo umekauka: pitisha mwiko katikati ya kikaango ukigusa chini. Njia uliyochora ikibaki wazi kwa sekunde tatu, mjazo uko tayari. Mchuzi ukikimbilia kuifunika, ongeza dakika tano.

Bima ya ziada, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha chenga za mkate uliokauka ndani ya kila ganda kabla ya kujaza. Mozarela mbichi ikatwe vipande na iwekwe juu ya kitambaa dakika 20 kabla ya kutumika.

Angalia pia foili. Trei iliyofunikwa mwanzo hadi mwisho huhifadhi mvuke wote, na mvuke huo hurudi chini ukiwa maji. Foili ina kazi yake, lakini ni kwa dalili inayofuata.

Juu pameiva, biringanya bado gumu na jeupe katikati

Umejaza biringanya bichi. Tatizo hapa haliko kwenye muda peke yake. Asidi ya nyanya huchelewesha mboga kulainika, kwa hiyo mnofu mbichi uliokaa chini ya mjazo wa nyanya huwa mgumu hata baada ya dakika 40, wakati mnofu uleule ukichomwa peke yake ungekuwa laini kwa nusu saa. Ndiyo sababu ya kuchoma kwanza, kujaza baadaye.

Sababu nyingine ni ukubwa. Aina ya Black Beauty, lile jeusi la umbo la yai lililojaa sokoni Nairobi, linaweza kufika nusu kilo, na nusu ya biringanya kama hilo inataka dakika 45 hadi 50. Pima kwa ncha ya kisu karibu na kikonyo, maana hapo ndipo huchelewa kuliko katikati. Kisu kikiingia bila kusukumwa, limeiva.

Ukigundua likiwa limeshajazwa, bado linaokoka. Kwangua jibini kama haijayeyuka, mimina vijiko vikubwa vitatu vya maji ya moto kwenye trei, si juu ya mjazo, funika kwa foili na urudishe nyuzi 190 kwa dakika 20. Kisha funua, acha dakika tano mvuke uondoke, weka jibini.

Kama mnofu ni laini ila ganda ni gumu kutafuna, biringanya lilikomaa kupita kiasi. Hakuna moto utakaolilainisha ganda hilo. Wape watu vijiko wale mnofu na mjazo, waache ganda sahani.

Lina uchungu

Uchungu huanzia kwa mama mboga, kwa hiyo chagua kwa uangalifu. Biringanya zuri lina ganda linalong'aa, kofia ya kijani isiyonyauka, na ni zito kuliko unavyolitarajia kwa ukubwa wake. Libonyeze kwa kidole gumba. Likibonyea kidogo na kurudi, lichukue. Alama ya kidole ikibaki, limezeeka. Likikataa kabisa kubonyea, lilichumwa changa. Yale yaliyofifia na kuanza kugeuka kahawia au manjano yana mbegu zilizokomaa, na uchungu mwingi hukaa kwenye eneo la mbegu.

Ukishalikata, tazama mbegu. Zikiwa nyeupe au za rangi ya krimu, endelea. Zikiwa za kahawia, chota eneo lote la mbegu ulitupe, usilichanganye kwenye mjazo, na mnofu uliobaki uutie chumvi kwa dakika 45. Chumvi haiondoi uchungu wote. Inaupunguza na kuufunika ulimini.

Friji nayo huharibu. Biringanya ni tunda la nchi za joto, na chini ya nyuzi 10 hivi huumia: ganda hufanya vidoti vilivyobonyea, mnofu na mbegu hugeuka kahawia. Friji ya nyumbani huwa na nyuzi nne au tano. Biringanya liache kwenye kapu jikoni, mahali pasipo jua, na ulipike ndani ya siku mbili au tatu. Baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti hulihifadhi vizuri bila friji. Lisikae kapu moja na ndizi mbivu au parachichi linaloiva, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda hayo hulizeesha haraka.

Uchungu ukiwa ndani ya mjazo wala si kwenye mnofu, shuku saumu au binzari iliyoungua. Saumu iingie baada ya kitunguu maji kulainika, na isikae peke yake kwenye mafuta zaidi ya nusu dakika.

Nyanya chungu, zile ndogo za kijani au nyeupe, ni ndugu ya biringanya lakini uchungu wake ni wa asili na ndio watu wanaoupendea. Usizitumie hapa ukitarajia matokeo yaleyale.

Limejaa mafuta

Chanzo ni kukaanga nusu za biringanya kabla ya kujaza. Kikaango kinaonekana kikavu, unaongeza mafuta, yananywewa, unaongeza tena. Vile vitundu vya hewa vinafyonza hadi viporomoke kwa joto. Vikishaporomoka mafuta hutoka, na hutokea ndani ya oveni.

Paka kwa brashi badala ya kumimina. Kijiko kimoja na nusu cha chai kinatosha nusu moja, ndani na nje. Biringanya lililotiwa chumvi na kubonyezwa hunywa mafuta machache zaidi, kwa sababu sehemu ya vitundu imeshaporomoka. Ukishalikaanga na limekwisha kunywa, lilaze kifudifudi juu ya waya au chujio dakika kumi kabla ya kujaza, mengi yatadondoka.

Angalia pia nyama. Ya kusaga yenye mafuta mengi ikikaangwa huacha dimbwi kwenye kikaango. Inamisha kikaango, chota mafuta kwa kijiko kabla ya kutia nyanya.

Jibini haikuyeyuka, imevuja mafuta au imekuwa mpira

Hizi ni dalili tatu na chanzo cha kila moja ni tofauti, ingawa watu huzilalamikia kwa pamoja.

Isipoyeyuka kabisa, tazama aina. Jibini zilizogandishwa kwa asidi, kama paniri inayouzwa Ngara na Parklands, haziyeyuki hata uziweke motoni saa nzima. Protini yake imefungamana kwa namna isiyolegezwa na joto. Feta hulainika na kushika rangi lakini haitiririki. Hizo mbili zinafaa ndani ya mjazo, zikivunjwavunjwa, na ni tamu sana humo. Juu weka jibini ya kuyeyuka: mozarela ya donge, gauda changa, au cheda isiyokomaa sana. Ninachopendekeza kwa jikoni nyingi za hapa ni gramu 100 za mozarela kwa gramu 50 za cheda. Mozarela inanyumbuka lakini ladha yake ni hafifu. Cheda ina ladha lakini peke yake huvuja mafuta.

Jibini iliyokwaruzwa kiwandani huwa imepakwa wanga au selulosi isigandamane, na hiyo huizuia kuungana vizuri. Nunua kipande, ukikwaruze mwenyewe ikiwa ya baridi kutoka kwenye friji.

Ikivuja mafuta ya manjano yakasimama juu, imepata joto kali mno au kwa muda mrefu mno, au ni cheda iliyokomaa sana. Jibini nyingi huanza kuyeyuka kati ya nyuzi 55 na 70. Ukizidisha sana hapo protini hujikaza, zinakamua mafuta na maji nje, na kinachobaki ni utando wa mpira. Ndiyo maana inawekwa dakika kumi za mwisho. Ikishavuja hairudi ilivyokuwa. Nyonya mafuta kwa tishu ya jikoni, nyunyiza dania mbichi, andaa ingali ya moto.

Ikiwa ya mpira ingawa haikuvuja, chakula kimekaa kikapoa. Mozarela hukaza upesi kuliko zote. Ongeza sehemu ya cheda au gauda, na usiepue hadi watu wawe mezani.

Ikiwa jibini ni chache, usiinyooshe kwa kuitandaza iwe nyembamba, kwani hukauka na kuungua. Wagiriki, ambao nao hujaza biringanya nyama, humwagia sosi nyeupe juu, na njia hiyo inafaa sana hapa kwa kuwa maziwa ni rahisi kupata kuliko jibini. Yeyusha gramu 25 za siagi, tia gramu 25 za unga wa ngano, koroga dakika mbili bila kuacha ushike rangi, kisha mimina polepole mililita 250 za maziwa, yaani nusu ya pakiti ya nusu lita. Koroga hadi iwe nzito, epua, changanya gramu 50 za jibini iliyokwaruzwa. Wanga wa unga hushikilia mafuta ya jibini yasijitenge, kwa hiyo hata cheda iliyokomaa hutulia. Sosi ikifanya madonge, maziwa yalimwagwa yote kwa mkupuo mmoja. Ipitishe kwenye chujio ukiisukuma kwa kijiko.

Chini panaungua, juu pamepauka

Oveni nyingi za jiko la gesi zina moto wa chini pekee. Ziwashe dakika 20 kabla, si tano, na biringanya lichomwe kwenye waya wa juu kabisa unaoruhusu nafasi. Trei nyembamba nyeusi huunguza. Weka trei ya pili chini yake, au tandika karatasi ya kuokea. Namba zilizo kwenye kitufe cha oveni za gesi mara nyingi hazilingani na joto la ndani. Kipima joto kidogo cha kuning'iniza kwenye waya kitakuonyesha oveni yako inapungua au kuzidi kiasi gani, na ukishajua utarekebisha kila upishi. Oveni yenye grili ya juu ikiwepo, iwashe dakika mbili au tatu za mwisho, mlango ukiwa na mtu anayetazama.

Bila oveni, pika kwa makaa juu na chini, kama wanavyopalia wapishi wa pwani. Chukua sufuria nzito yenye kifuniko bapa. Ndani weka sahani ya bati iliyofunikwa kifudifudi, na juu yake trei ndogo yenye mabiringanya yaliyokwisha kuchomwa na kujazwa. Chini ya sufuria acha makaa matano au sita yaliyoshika, juu ya kifuniko weka mara mbili ya hayo. Wengi hukosea hapo kwa kuweka moto mwingi chini. Dakika 15, kisha funua, weka jibini, rudisha kifuniko na makaa yake dakika sita hadi nane. Funua kwa uangalifu, umeinamisha kifuniko upande usio wa chakula, majivu yasiingie.

Jiko la makaa liwe nje au mahali penye hewa inayopita. Kaboni monoksaidi ya makaa haina rangi wala harufu, na huua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Baridi ya Julai isikushawishi kulivuta ndani.

Kuchoma nusu zenyewe bila oveni ni rahisi: kikaango kizito, mafuta kidogo, upande uliokatwa chini dakika tano hadi ushike rangi, geuza, tia vijiko viwili vya maji, funika, moto mdogo dakika 15. Funua mwishoni maji yaishe. Ukishajaza, jibini itayeyuka ndani ya kikaango kilichofunikwa kwa dakika nne au tano. Haitashika rangi ya kahawia. Ladha iko palepale.

Stima ikipotea oveni ikiwa katikati ya kazi, usifungue mlango. Joto lililobaki linaendelea kupika kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Baada ya hapo malizia kwenye kikaango.

Mnofu umegeuka kahawia au kijivu

Hewa imeugusa. Kemikali zilizo kwenye mnofu hubadilika rangi mara tu kisu kinapopita, sawa na tufaha. Haudhuru. Ukitaka ubaki mweupe, paka maji ya limau: kijiko kikubwa kimoja cha limau kwenye glasi ya maji. Kisu cha chuma kinachoshika kutu na sufuria ya alumini huzidisha weusi, kwa hiyo tumia kisu kisichoshika kutu na trei ya kioo au ya enameli.

Chumvi imezidi

Hesabu chumvi mara tatu: uliyonyunyiza kwenye mnofu, uliyotia kwenye mjazo, na iliyo ndani ya jibini. Mjazo usitiwe chumvi hadi uuonje pamoja na kipande cha jibini utakayotumia. Ukitumia feta, mara nyingi hautahitaji kabisa. Mnofu ulioachwa na chumvi zaidi ya saa moja usuuze upesi chini ya bomba, kisha ukaushe barabara.

Chakula kikishaiva na chumvi imezidi, andaa na ugali au wali mweupe usio na chumvi, na kijiko cha yogati isiyo na sukari pembeni. Sosi nyeupe isiyotiwa chumvi nayo husaidia.

Ganda limeraruka, mjazo umemwagika

Ulichota hadi karibu na ganda, au ulikata kikonyo. Kikonyo hushikilia mwisho mmoja usifunguke. Ukiona ganda limeshakuwa jembamba, usichote zaidi. Usukume tu mnofu pembeni kwa mgongo wa kijiko utengeneze nafasi. Nusu zipangwe zikigusana kwenye trei ndogo ili zishikane wima. Zikiyumba, kata kipande chembamba cha ganda chini ili zikae bapa, ila usifike kwenye mnofu wa ndani.

Ravaya, yale mabiringanya madogo ya duara, yapasue msalaba kutoka chini bila kufika kwenye kikonyo, yajaze, na jibini iingie ndani pamoja na mjazo. Hayo hayachotwi mnofu, na dakika 25 kwenye sufuria iliyofunikwa, yakigeuzwa mara mbili, zinayatosha.

Mjazo wa kamande au wali una vikokoto

Mjazo usio na nyama unavunja moyo wengi kwa sababu ya mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kamande zinazoiva kwa dakika 25 Mombasa zitataka 35 au zaidi hapa, na wali vivyo hivyo. Moto mkali hauongezi joto la maji yanayochemka. Unaongeza mvuke tu na kumaliza gesi. Ongeza muda, funika sufuria.

Kamande na wali viive kabisa kabla ya kukutana na nyanya, kwa sababu ileile ya asidi. Usitegemee oveni imalizie: ndani ya mjazo uliokaushwa hakuna maji ya kutosha kuivisha punje. Gramu 150 za kamande kavu zinachukua nafasi ya robo kilo ya nyama. Zichuje vizuri, uziponde robo yake kwa mwiko ili mjazo ushikamane, na uongeze kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, kwa sababu kamande hazina mafuta yake.

Kiporo kimekuwa majimaji na jibini ngumu

Kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kiingie friji kikiwa hakijafunikwa hadi kipoe, ndipo ukifunike. Ukifunika kingali moto, mvuke unarudi kwenye mjazo. Kimalizwe ndani ya siku tatu. Pasha kwenye oveni nyuzi 180 dakika 20, foili dakika 15 za kwanza, wazi tano za mwisho. Maikrowevu hupasha ndani vizuri lakini hukaza jibini, kwa hiyo ukiitumia, toa jibini ya zamani, pasha, kisha weka jibini mpya kidogo juu na uache ilainike kwa joto la chakula chenyewe.

Kwa friza, gandisha mjazo peke yake. Biringanya lililoiva likigandishwa na kuyeyushwa hutoa maji upya, na utarudi kwenye dalili ya kwanza. Ukitaka kujiandaa mapema kwa wageni wa Jumapili, choma mabiringanya na upike mjazo Jumamosi, viweke kwenye friji vikiwa vyombo tofauti. Jumapili, choma nusu hizo dakika tano zikauke juu, mwaga maji yaliyochuruzika usiku, jaza kwa mjazo uliopashwa, na jibini iende mwisho.